Chapa Shingoni mwa Ngamia

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti. Nilikuwa nimeliazima kwa mjomba wangu, karani mstaafu, na nilipolivaa tu nikajiona mtangazaji kamili ingawa sikuwa nimetangaza lolote. Ilikuwa saa sita mchana, Garissa, kiangazi, na mpigapicha niliyepangiwa kufanya naye kazi alinitazama kuanzia viatu hadi kola.

"Wewe iko na homa?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi toa hiyo nguo. Tunaenda soko ya mbuzi, hatuendi harusi."

Huyo alikuwa Dekow. Nililivua koti na jioni ile ile nikalirudisha kwa mjomba, aliyeshangaa akidhani nimefutwa kazi mapema hivyo.

Mwezi uliopita nilirudisha kitambulisho cha stesheni na funguo za gari, na ninyi vijana wa ofisi ya Garissa mkaniomba niandike kidogo kuhusu kazi ya kutengeneza makala za televisheni katika nchi hii yetu ya vumbi. Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilinipa kiti kibovu zaidi kuliko kile nilichokiacha. Nitasema juu ya Dekow, juu ya vifaa, na juu ya wiki moja nilipokaribia kuharibu amani ya watu kwa picha ya sekunde nne. Hiyo ya mwisho sikuwahi kuwasimulia, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi ni Mmalakote, mtoto wa mtoni. Kwetu tulilima ndizi kandokando ya Tana, na mnyama niliyemjua vizuri ni kiboko, kwa kuwa alikuwa akivuna kabla yetu. Ngamia nilikuwa nikiwaona wakipita kwa mbali tu. Kiswahili kilinipa kazi, Kisomali nikajifunza sokoni na ndani ya gari, nacho Dekow alikirekebisha kwa kicheko mpaka kikanyooka, ingawa yeye mwenyewe, kama Wasomali wengi, p ya Kiswahili ilimgeukia b kila mara.

Kamera yetu ya kwanza ilibebwa begani na ilikuwa nzito kama gunia la sukari. Dekow aliifunga kwa blanketi la mtoto, lile la rangi ya waridi lenye picha za bata, kwa sababu hakuna mfuko wa kamera uliotengenezwa kiwandani uliowahi kuliweza vumbi la barabara ya Modogashe. Maafisa wa Nairobi walicheka wakiona lile blanketi. Kamera zao zilikufa kila mwaka, yetu ikadumu tisa. Picha zilirekodiwa kwenye kanda, na kanda tulimkabidhi kondakta wa basi la Nairobi pamoja na barua. Kipindi chetu cha ukame wa Ijara kiliwahi kupotea njiani ndani ya sanduku la bibi harusi, kikapatikana miezi mitatu baadaye. Kilionyeshwa wiki ambayo Ijara ilikuwa imefurika. Watazamaji waliona ng'ombe waliokonda, kisha tangazo la tahadhari ya mafuriko, na nadhani wapo mpaka leo wanaojiuliza tulikuwa tunavuta nini.

Lakini somo kubwa la Dekow halikuhusu kamera. Mara ya kwanza tulipofika kwenye boma la wafugaji, nilishuka garini na maikrofoni mkononi na swali mdomoni. Mzee mwenye boma hakunijibu. Alitukaribisha chini, chai ya maziwa ya ngamia ikaja, kisha akasema neno moja: "Warran." Maana yake ni toa habari. Nikamgeukia Dekow.

"Anataka nini?"

"Anataka habari. Umetoka wapi, mvua umeona wapi, majani iko wapi, nani mgonjwa, nani amekufa. Sema yote, usikimbie. Halafu yeye atakubatia yake." Akanywa chai. "Hawa watu walikuwa waandishi wa habari kabla ya sisi, Jilo. Wewe ndio mgeni kwa hii kazi."

Nikatoa habari. Ilinichukua nusu saa, na mzee alinisahihisha mara mbili kuhusu barabara niliyokuwa nimetoka kuipita. Tangu siku hiyo sikuwahi kufungua kamera kabla ya kutoa habari zangu mwenyewe, na ninyi mkichukua jambo moja tu kwangu, chukueni hilo. Makala nzuri nilizowahi kupata zilitokana na hiyo nusu saa. Ndivyo tulivyomjua mkunga wa kijiji kimoja kupita Sangailu, mama aliyekuwa akizalisha kwa mwanga wa simu aliyoishika kwa meno. Tulimwonyesha, na baada ya wiki chache taa za jua zikafika. Nilipopita tena, alikuwa amempa mtoto mmoja aliyemzalisha jina langu. Mtoto alikuwa wa kike. Walisema haidhuru.

Sasa niseme juu ya ile wiki.

Ilikuwa katika ukame mrefu wa juzi juzi, mnaoukumbuka wote. Nilikuwa mzoefu wakati huo, watu wakinisalimu sokoni, na hilo linampumbaza mtu. Dekow alikuwa Nairobi akifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Kamera zilikuwa zimekuwa ndogo, nami nikaona sina haja ya kumsubiri. Nikaenda peke yangu na dereva hadi kijiji kimoja kilicho mwendo wa saa moja kutoka Habaswein, chenye kisima cha mashine ambacho hakikuwa kimekauka.

Mwenye ufunguo wa mashine alikuwa mama mmoja wa makamo aitwaye Safiya, mjane, mwenye sauti ya kuamrisha. Nilitoa habari zangu, akatoa zake, chai ikanywewa. Akanionyesha mabirika ya saruji ambako mifugo hunywea, na zamu alizozipanga kichwani mwake bila karatasi. Nilipokuwa nikirekodi, adhuhuri ikaadhiniwa. Wanaume wote wakaenda msikitini, na papo hapo kundi la ngamia likatokea vichakani, likanyweshwa haraka haraka na kijana mmoja mrefu na wenzake wawili.

"Hao watu usionyeshe," Mama Safiya akaniambia.

"Kwa nini?"

"Usionyeshe tu. Biga maji, biga mashine, biga mimi."

Nikamwahidi. Na nilitimiza ahadi, au ndivyo nilivyoamini. Sikumpiga mtu yeyote picha. Nilimsogelea ngamia jike mmoja aliyekuwa akinywa, nikaijaza picha nzima kwa shingo yake, maji yakipanda kwenye koo funda baada ya funda, na pale shingoni alama ya zamani iliyochomwa kwa moto, mistari miwili na duara. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu. Nilijipongeza kwa ustadi na kwa uaminifu, yote kwa mpigo mmoja.

Makala ilionyeshwa Jumapili alasiri. Haikuwa imemalizika simu yangu ilipolia. Alikuwa Dekow, kitandani hospitalini, jicho moja limefungwa bandeji.

"Nani amebiga hiyo shingo?"

"Mimi. Umeionaje?"

"Nimeona na jicho moja, na hiyo moja imetosha. Jilo, wewe umeonyesha chaba."

Hapo ndipo nilipoelezwa, licha ya miaka yangu yote kazini, jambo ambalo kila mtoto wa mfugaji hulijua kabla ya kung'oka jino. Chapa ndiyo jina la ukoo. Mtu akiiona shingo ile kwa nukta moja anajua ni ngamia wa nani, wanatoka wapi na wana ugomvi na nani. Mimi, kama nilivyofundishwa darasani, niliona kumficha mtu ni kumficha uso. Nilificha uso nikaonyesha jina.

Na ugomvi ulikuwepo. Mwaka uliotangulia watu wa upande ule, wenye chapa hiyo, na watu wa kisima walikuwa wamegombania malisho, na mtu mmoja wa kisima akafa. Dia yake, yaani fidia ya damu, ilikuwa imezungumzwa lakini haijakamilika, na kabla haijakamilika hakuna anayekunywa maji ya mwenzake. Yule kijana mrefu, Bishaar, alikuwa wa upande ule. Mama Safiya alizaliwa huko, yeye ni shangazi yake Bishaar, akaolewa huku. Mwana wa kaka yake alipokuja na ngamia wanaokufa kiu, alimnyweshea kila baada ya siku nane, saa ya swala, wakati wanaume hawapo.

Nilimwambia Dekow kwamba basi alikuwa akiwaficha watu wake.

"Hafichi mtu. Wote wanajua. Lakini hakuna mtu amesema. Kama haijasemwa, hakuna mtu lazima afanye kitu. Sasa wewe umesema, na umesema mbaka Nairobi."

Nililipigia simu dawati la uhariri, na makala ikaondolewa mtandaoni ndani ya saa moja. Haikusaidia. Kile kipande cha shingo kilikuwa kimeshakatwa na kinaruka kutoka simu hadi simu, kimeandikiwa maneno ya kejeli juu ya watu wanaonywesha mifugo ya walioua ndugu yao. Jumatatu, zamu ya Bishaar ilipofika, vijana wa kijiji walikuwa wamekaa juu ya kingo za mabirika na fimbo zao. Mama Safiya alinyang'anywa ufunguo. Ngamia walirudishwa vichakani bila tone, na maji mengine ya karibu yalikuwa mwendo wa siku tatu ambao ndama wasingeuweza.

"Niende nikaseme nini?" nilimuuliza Dekow.

"Sijui. Enda tu. Na mimi nakuja."

Akatoroka hospitali, naam, akapanda basi na bandeji usoni, na Jumatano asubuhi tukawa njiani. Sikuwahi kuogopa hivyo katika kazi hii, nami nimewahi kurekodi risasi zikilia. Nilikuwa nikimfikiria Mama Safiya. Alikuwa amenipa chai, akanipa siku yake nzima, na mimi nimemfanya msaliti katika kijiji alichoishi tangu usichana wake.

Baraza lilikaa katika darasa la shule ya msingi, wanafunzi wakiwa likizoni. Wazee walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na videvu, na ukutani nyuma yao palikuwa na chati ya vokali. Msemaji wao alikuwa Mzee Gedi, mtu mfupi, mwenye ndevu za hina na hasira ya karibu. Alinitazama nikisimama mbele ya ubao, akasema, "Warran."

Nikatoa habari kama mtu mwingine yeyote. Barabara ya Modogashe, vumbi, mvua hakuna, mizoga ya ng'ombe kadhaa kandokando. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na ile habari yako ya televisheni, ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

"Hiyo ndio shida. Ingekuwa uongo tungesema wewe ni mwongo, tumalize, tuende nyumbani." Akainama kidogo. "Nani alikutuma uonyeshe chaba?"

"Hakuna aliyenituma. Sikujua maana yake. Sijui kuzisoma."

"Hujui kusoma nini?"

"Chapa, mzee. Sijui hata moja."

Kisha mzee mmoja kwenye dawati la nyuma akauliza taratibu kama ni kweli nilisoma chuo kikuu. Dekow akajibu kwamba ni kweli, miaka minne.

"Miaka minne, na hajui kusoma," yule mzee akasema, na darasa zima likaangua kicheko. Walicheka mpaka Mzee Gedi akafuta macho kwa kikoi. Niliona aibu, na pia nilishukuru, maana mtu anayechekwa hivyo haonekani tena kuwa adui.

Vijana waliosimama mlangoni hawakucheka. Mmoja wao, mwenye jezi ya mpira na simu mkononi, akaniambia, "Buda, hiyo klipu yako iko kila mahali. Wasee wa Nairobi wananitumia. Mzee akisema ni sawa hapa ndani, huko nje nani atajua?"

Ndipo sauti ikatoka dirishani. Mama Safiya alikuwa amesimama nje, kwa kuwa baraza hilo si la wanawake, ila kichwa chake kilikuwa ndani.

"Kila mtu alijua," alisema. "Wewe Adeer, mzee wangu Gedi, ulijua. Zamani swala yako ya adhuhuri ilikuwa mfubi. Mwaka huu, kila siku ya nane, unaongeza sunna, unaongeza dua, unakaa msikiti mbaka ngamia wamaliza. Wallahi nilikuwa nakuombea kwa Mungu. Sasa uniambie mimi beke yangu ndio mbaya?"

Mzee Gedi alijinasua kutoka kwenye dawati la mtoto. Kisha akaniita, "Jilo."

"Naam."

"Wewe umetoa habari nusu. Umesema wanakunywa. Hujasema nani amewaruhusu. Mtu hatoi nusu ya habari, ni aibu. Leta hiyo kamera."

Tukaenda vichakani walikokuwa ngamia. Ndama wawili walikuwa wamelala chini na hawakuamka tena, na Bishaar alikuwa amekaa kati yao, mikono magotini. Hakunisalimu, sikumlaumu. Dekow alishika kamera. Nilitaka kumsaidia kwa sababu ya jicho, akanikatalia, akasema kamera haijawahi kuhitaji jicho la pili. Mzee Gedi akasimama kando ya yule yule ngamia jike, akaweka kiganja chake shingoni, pembeni ya chapa, akamwamuru Dekow asogee, asogee zaidi, mpaka mistari miwili na duara vijaze picha. Halafu akasema kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili, kwamba ngamia hawa ni wageni wa kisima, wanakunywa kwa ruhusa yake na ya wazee wenzake mpaka mvua inyeshe, na kwamba dia itakamilishwa kabla ya mwezi wa Ramadhani. Atakayewazuia, alisema, amemzuia yeye.

Yule kijana wa jezi alisikiliza yote. "Ikionyeshwa kwa TV tutatoka," akasema. "Ikizunguka kwa simu tu, hapana."

Kipindi chetu kilikuwa cha Jumapili. Hiyo ilikuwa Jumatano, na ndama wengine walikuwa wameanza kulegea shingo. Tulirudi Habaswein penye mtandao, nikatuma picha, nikampigia mhariri wa zamu.

"Mzee Jilo," akasema, "nimeiangalia. Ni mtu amemshika ngamia."

"Ndiyo."

"Hata hanywi. Hiyo si habari."

Sikuwahi kuomba upendeleo tangu niajiriwe. Siku hiyo niliomba. Nilimweleza yote, dia, chapa, Mama Safiya, ndama, nikamwambia kosa ni langu na si la stesheni, na kwamba katika miaka yote niliyowatumikia naomba sekunde arobaini. Mhariri akauliza jina la mzee linaandikwaje.

Ilitoka Alhamisi, taarifa ya saa saba mchana, baada ya michezo. Tuliitazama hotelini Habaswein, mimi na Dekow, tumebanwa kati ya madereva wa malori. Mkono wa Mzee Gedi ukatokea, shingo, chapa. Maneno yake wakayaacha kamili. Mwenye hoteli akaongeza sauti, na madereva wakaacha kutafuna. Arobaini zikaisha, tangazo la sabuni likaanza.

Tukasubiri. Chai ikapoa. Dekow aliniambia kazi imekwisha na sasa ni ya Mungu, lakini yeye pia hakuigusa chai yake. Nilikuwa nikijua kwamba kama vijana wale hawatasogea, Bishaar atawapoteza wote kabla ya Jumapili, na shangazi yake hataweza tena kuishi pale, na nitaendelea kulipwa mshahara wangu kama kawaida. Hilo la mwisho ndilo lililonichoma.

Simu ililia saa nane na nusu. Ilikuwa namba ya Mama Safiya.

"Mama, hali gani huko?"

Nikasikia hatua zake, nikasikia upepo. Kisha nikasikia mashine ikikohoa, ikishika, ikiunguruma, na juu ya mngurumo ule sauti nyingine, ya midomo mingi kwenye maji, ikivuta na kuvuta bila kupumzika.

"Anasema nini?" Dekow akaniuliza.

Nikampa simu. Akaiweka sikioni, akainamisha kichwa, na machozi yakamtoka hata chini ya bandeji, ambako daktari alimkataza kabisa kulowesha. Madereva walitutazama wazee wawili tukilia juu ya simu ambayo hakuna aliyekuwa akiongea ndani yake. Hatukuikata. Tuliisikiliza kwa zamu mpaka ngamia wa mwisho alipomaliza kunywa.